Kongosho la Msusi

Kwa heshima zote, na mbele ya umma mzima wa wasomaji, msimulizi huyu anasimama wima, anasafisha koo na kutangaza kwamba hadithi ifuatayo inahusu kiungo kikuu cha mwili wa binadamu. Kiungo hiki kimenyimwa sifa tangu dunia iumbwe. Moyo unaimbiwa kila siku, ini wapenzi wanaitana kwalo, hata figo lina watu wa kulitetea. Hiki hakuna aliyekitungia wimbo. Kiungo hicho ni kongosho. Wenye kofia wavue.

Ukweli ni kwamba siku kongosho lilipotajwa kwa mara ya kwanza nyumbani kwa yule msusi, hakuna aliyejua liko wapi. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, alijishika ubavu. Dada wa mumewe, ambaye nyumba nzima ilimwita Shangazi na ambaye alikuwa amekuja kuuguza kwa siku mbili tatu akiwa na masanduku ya kukaa mwaka, alijishika kiuno na kusema kwa uhakika kwamba wanaume hawana. Binti wa nyumba hiyo alikuwa kwenye likizo ndefu baada ya kumaliza mitihani ya shule ya bweni. Ni msichana mwenye akili nyingi na adabu ya kupigiwa mfano (msimulizi hana uhusiano wowote naye). Alikumbuka tu kwamba kongosho lilitoka kwenye mtihani wa baiolojia na kwamba yeye alilipatia.

"Liko huku, nyuma ya tumbo," alisema msusi mwenyewe. "Mimi nilikuwa nalijua kabla halijapewa jina. Linauma."

Alikuwa amelijua kwa sababu ya vichwa vya watu. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, kioo kimoja, draya moja ya kukaushia nywele, na kigoda kifupi alichokalia mteja kati ya magoti yake. Akisuka kisogo, mteja huinama. Akifika upande wa paji la uso, mteja hulaza kichwa nyuma, juu ya tumbo la msusi, na wengine husinzia hapo hapo na kukoroma. Kwa miaka yote tumbo hilo lilikuwa mto wa mtaa mzima. Kisha likaanza kuuma. Kichwa kikiegemea, maumivu yalipenya kutoka juu ya kitovu hadi mgongoni, kama mtu aliyesukuma msumari. Akaanza kuweka mto wa kweli. Jioni mwili ukapata homa, alfajiri shuka likawa limelowa jasho, na sketi zake zikaanza kuzunguka kiunoni bila ruhusa. Zahanati ilimpa dawa za vidonda vya tumbo. Alizimaliza, vidonda havikushukuru.

Ndipo ikapigwa ile picha kubwa ya hospitali, ile ya kulala ndani ya duara.

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mikono midogo. Aliiweka picha kwenye taa na kuizungushia kidole.

"Kuna uvimbe kwenye kichwa cha kongosho. Na hapa pembeni kuna tezi zimevimba."

"Kongosho nalo lina kichwa?" aliuliza msusi.

"Lina kichwa, shingo na mkia."

"Haya, endelea. Vichwa ndiyo kazi yangu."

Daktari hakucheka. Alisema inaonekana ni saratani. Alisema kuna operesheni, kubwa kweli, ya kuondoa kichwa hicho pamoja na kipande cha utumbo na mfuko wa nyongo, kisha kuunganisha upya yaliyobaki. Wengine hawaamki mezani. Wakiamka, kula kwao hakurudi kuwa kama zamani. Lakini bila operesheni, alisema, uvimbe wa namna hii haumsubiri mtu.

Fundi wa mageti alianza kulia bila sauti, machozi tu, kama bomba lililolegea. Shangazi alianza kulia kwa sauti, ili kulinganisha.

"Daktari," alisema msusi, "umesema inaonekana. Inaonekana, au ni?"

"Picha inatuonyesha umbo, mama. Haituambii jina."

"Na ukishanifungua, ukaniondolea hayo yote, ukakuta sivyo?"

Daktari alitazama mikono yake. "Inatokea. Mara chache, lakini inatokea."

"Basi kwangu isitokee. Hakuna njia ya kujua jina kwanza?"

Ilikuwepo. Kuna mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi tumboni, ukifika hapo unalitazama kongosho kupitia ukuta wa tumbo, na sindano inatokeza na kunyonya kipande. Kipande kinakwenda maabara. Tatizo ni kwamba mashine hiyo ilikuwa hospitali kubwa ya rufaa, na foleni yake ilikuwa ndefu.

"Sikufichi," alisema daktari. "Kama ni saratani, kila wiki ya kusubiri ni wiki tuliyoipoteza. Ningekuwa ndugu yako ningekwambia tukate."

"Wifi, sikiliza mtaalamu!" alisema Shangazi.

"Ninamsikiliza. Amesema hajui." Msusi alisimama na kuikaza sketi yake kwa pini. "Niandikie niingie kwenye foleni. Nikifa nikisubiri, hilo litakuwa kosa langu, na mimi nimezoea makosa yangu. Kufa kwa kosa la mtu mwingine sitaki."

Daktari akaandika. Msimulizi anataka iandikwe pia kwamba msusi alipofika kwenye ngazi alikaa kidogo, akasema ni kiatu.

*

Habari ikasambaa kwamba msusi anakufa na ni mbishi. Ndugu wakaanza kuja. Walikuja na sura ndefu, wakakaa sebuleni, wakanywa chai nyingi, na wakazungumza juu yake huku yeye amelala chumba cha pili, mlango wazi.

"Alikuwa mtu wa watu," alisema mmoja.

"Alikuwa na mkono mwepesi. Ukisukwa na yeye, kichwa hakiumi," alisema mwingine.

"Bado ninao huo mkono!" sauti ikatoka chumbani. "Msinizike kwa sentensi!"

Wakanyamaza kwa heshima, kama watu waliosikia mzimu wenye adabu.

Kati yao alikuwepo binamu mmoja wa mumewe, mwanamke mwenye nia ya kufungua saluni siku nyingi. Huyo ndiye aliyemgeukia fundi wa mageti na kuuliza, kwa huzuni iliyopitiliza, ile draya itabaki kwa nani. Fundi alifungua mdomo. Kabla hajajua kama anataka kujibu au kumfukuza, msusi alikuwa amesimama mlangoni, shuka limemzunguka kama vazi la mfalme aliyekonda.

"Binamu yangu mpenzi. Unaipenda draya?"

"Jamani, mimi nilikuwa nauliza tu..."

"Haiuzwi bila kujaribiwa. Njoo."

Akampeleka saluni, akamkalisha, akamshushia lile kofia la draya kichwani, akawasha mpaka mwisho, akavuta kiti akakaa mbele yake kumtazama. Kila binamu alipotaka kuinuka, msusi alimwekea mkono begani na kuuliza: "Inafanya kazi, au haifanyi?" Alipotoka, masikio yake yalikuwa yanawaka. Hakuuliza tena urithi wa kitu chochote kinachotumia umeme.

Usiku ule Shangazi alimkemea. Alisema mgonjwa anatakiwa kutulia na kusamehe watu.

"Wifi," alisema msusi, "siku nikitulia, ndiyo siku ya kuogopa."

*

Zamu yake kwenye foleni ilifika. Mpira ukapita, sindano ikanyonya. Msusi alirudi na koo linalowasha na hamu ya kumtukana mtu yeyote. Kisha ikaja ile kazi mbaya kuliko sindano, kazi ya kungoja majibu. Nyumba nzima ikawa inatembea kwa vidole. Fundi alichomelea geti la mteja upande usio wake, akalazimika kulikata na kuanza upya.

Daktari aliwaita yeye mwenyewe. Alisimama walipoingia, jambo lililomfanya Shangazi atafute leso mara moja.

"Si saratani," alisema.

Shangazi akabaki na leso hewani.

"Maabara wameangalia chembe zote. Saratani haipo. Wamekuta vidonda vya aina nyingine, wakapima vinasaba vya vijidudu, na wamevipata. Mama, una kifua kikuu. Kiko kwenye kongosho."

Fundi alipata sauti yake. "Kifua? Si ulisema tumboni?"

"Jina ndilo la kifua. Kijidudu chenyewe hakina mipaka. Kinaingia kwa pumzi, kinaweza kusafiri kwa damu au kwa tezi na kutulia mahali pengine. Kwenye kongosho ni nadra sana. Mimi nimefanya kazi miaka mingi, huyu ni wa kwanza kumwona kwa macho yangu."

"Dawa ipo?" aliuliza msusi.

"Ipo. Vidonge, kila siku, kwa miezi, bila kuruka. Hakuna kisu." Alisita. "Ila lazima nikwambie. Baada ya miezi miwili tutapiga picha tena. Uvimbe ukiwa umepungua, tunaendelea. Ukiwa haujapungua, itabidi tuzungumze upya kuhusu meza ya upasuaji."

Msusi aliitikia kwa kichwa. Daktari akabaki amesimama, anageuzageuza kalamu.

"Ningekukata," alisema. "Kwa nia njema kabisa, ningekukata."

"Najua, daktari. Ndiyo maana sikukukasirikia. Nilikukatalia tu."

Wakamtuma kliniki ya kifua kikuu, akapigwa picha ya kifua na kupimwa makohozi. Mapafu safi. Makohozi safi. Muuguzi wa pale, mwanamke mwenye sauti ya kuuza sokoni, aliwakusanya wote wanne na kuwaambia: "Huyu hakohoi na mapafu yake hayana kitu. Hawezi kuwaambukiza. Laleni naye chumba kimoja, kuleni naye sahani moja, mkumbatieni. Anayetaka kuogopa na aogope magari barabarani. Mmenielewa?"

Wakaitikia wote, na binti wa shule ya bweni akaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

*

Msusi alipokuwa anakufa, nyumba ilikuwa haina pa kukaa. Alipoanza kupona, viti vikapumua. Saratani ilikuwa imewaleta watu na matunda, lakini kifua kikuu kiliwakumbusha wote kwamba wana shughuli. Binamu wa draya alituma salamu kupitia mtu aliyezituma kupitia mtu mwingine.

Wateja nao wakayeyuka. Msusi hakuwasubiri ndani. Alikitoa kigoda nje, akakiweka mlangoni mwa saluni, na kila asubuhi alikaa hapo na vidonge vyake, vikubwa kama vya farasi, mbele ya mtaa mzima. Aliinua glasi ya maji juu kama mtu anayempongeza bwana harusi, akameza kimoja baada ya kingine. Tumbo lilipochafuka, alikwenda nyuma ya nyumba, akatapika pole pole, akanawa uso, akarudi kukaa.

Mteja wake wa zamani, karani wa mahakama, alipita upande wa pili wa barabara, mkono mdomoni.

"Dada karani! Mbona mbali hivyo?"

"Nina haraka, mama!"

"Haraka na hizo nywele? Unakwenda kumtisha nani, mshtakiwa au hakimu?"

Watu wakacheka. Karani akacheka pia, lakini hakuvuka barabara. Aliyevuka alikuwa muuza mayai, mwanamke mpana asiyemwogopa mtu. Alitua trei zake, akakaa kwenye kigoda na kufungua kilemba.

"Nisuke. Mimi nimeolewa mara tatu, kijidudu kitanifanya nini?"

Msusi akashika kichwa cha watu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Alisuka mistari iliyopinda, akaifumua, akasuka tena. Muuza mayai alilaza kichwa nyuma na akasinzia hapo hapo.

Ndani ya nyumba, Shangazi alikuwa ameanzisha utawala mpya. Kwanza kulikuwa na mkasa wa chooni: alikuta mkojo wa rangi ya chungwa, akapiga kelele za damu mpaka majirani wakatoka, na fundi akaacha geti likining'inia kwenye bawaba moja. Muuguzi alikuwa amesema wazi kwamba dawa zitageuza rangi ya mkojo, lakini Shangazi hakuwa na imani na mkojo. Baada ya hapo akachukua rangi ya kucha kutoka kwenye rafu ya saluni. Vikombe vya nyumba hiyo vilikuwa vyote vyeupe, vya aina moja. Alichagua kimoja na kukitia doa jekundu kwenye mkono wa kushikia.

"Hiki changu," alimwambia binti jikoni. "Sina ugomvi na mtu. Lakini hiki changu, asikiguse mwingine. Na mama yako usimwambie, atanuna."

Kilichofuata, msimulizi anakisimulia kwa fahari. Chai ya asubuhi ya msusi ilikuwa kazi ya binti, kabla Shangazi hajaamka. Na kila asubuhi haki ilitendeka jikoni humo. Binti alikitoa kikombe chenye doa jekundu, akamtilia mama yake chai humo, akampelekea kitandani, akakirudisha, akakisuuza kwa maji kidogo sana, na kukiweka mahali pake. Nusu saa baadaye Shangazi alijimiminia chai, akashika doa lake jekundu kwa vidole viwili, na kunywa kwa usalama mkubwa. Akawa anazidi kunenepa. Taifa lolote lingempa nishani msichana wa namna hiyo.

*

Picha ya pili ilipigwa. Daktari aliiweka kwenye taa pembeni mwa ile ya kwanza, na safari hii hakuzungusha kidole. Aliwaacha watazame wenyewe. Mahali palipokuwa na uvimbe wa ukubwa wa ngumi palikuwa na kitu kama punje ya harage, na tezi zilikuwa zimenywea.

"Meza ya upasuaji tuifute vumbi kwa ajili ya mtu mwingine," alisema. "Wewe endelea na vidonge mpaka mwisho. Ukiviacha njiani, tutarudi hapa hapa."

"Siviachi. Nimeshavizoea kuliko ndugu zangu."

Jioni hiyo ndugu walirudi, wakiwa na matunda na kumbukumbu mpya kabisa. Kila mmoja alikuwa amejua tangu mwanzo kwamba atapona. Msusi alikaa katikati, sketi imerudi kiunoni bila pini, anawasikiliza kama hakimu aliyekwisha kuandika hukumu. Chai ikapita. Shangazi akasimama kutoa neno.

"Tumshukuru Mungu, na mimi nijisifu kidogo. Humu ndani hakuna aliyeambukizwa hata mmoja. Kwa nini? Utaratibu!" Akainua kikombe chake. "Mnaliona doa hili? Hiki ni changu peke yangu. Hakijaguswa na mdomo mwingine tangu siku ile."

Msusi alikitazama. Uso wake ukafunga.

"Hicho ni changu, wifi."

"Chako vipi?"

"Si ndicho mlichonitilia alama? Ndicho ninachonywea kila asubuhi." Sauti ilikuwa ndogo, na chumba kizima kikainama kuisikia. "Siku ya kwanza nilipoliona hilo doa, nikasema haya, wamenitia chapa kama ng'ombe. Nilitaka kukipasua ukutani. Nikasema hapana, sitawapa raha hiyo. Nitanywa humo kila siku, sitamuuliza mtu, mpaka nipone. Nikishapona ndipo nitauliza ni nani kati yenu aliyenitenga. Basi leo nauliza."

Shangazi alikitua kikombe mezani kama kilichomchoma. Fundi wa mageti alikohoa, kwa bahati mbaya tu, na nusu ya wageni wakasogeza viti.

"Nani..." alisema Shangazi, "nani anakuletea chai asubuhi?"

Hapa msimulizi angependa kugusia hali ya hewa, ambayo ilikuwa nzuri.

"Wewe," alisema msusi. "Unakwenda wapi? Kaa."

Haya. Binti ni mimi. Nilikaa.

"Nilikuwa namtania Shangazi," nilisema.

"Na mimi?"

Nilikuwa nimemfikiria Shangazi tu, asubuhi zote zile. Haikunipitia kichwani hata mara moja kwamba mama ana macho, kwamba analiona doa, na kwamba analimeza pamoja na vidonge.

"Sawa, ulikuwa utani," alisema mama. "Hujawahi kukosa utani. Basi nijibu moja. Kila asubuhi nilikubakizia chai nusu, kama tulivyozoea tangu ukiwa mdogo. Kila asubuhi ukasema umeshiba. Wewe, ambaye hujawahi kushiba. Kikombe changu ulimwachia Shangazi. Mbona wewe chai yangu hukuinywa?"

Ningeweza kudanganya. Nina kipaji, walimu wangu wa bweni ni mashahidi. Lakini mama alikuwa ananitazama kwa yale macho aliyomtazamia daktari siku ile aliposema inaonekana.

"Nilitaka nione kwanza kama Shangazi ataumwa," nilisema.

"Kumbe mimi ndiye panya wenu wa maabara!" Shangazi alipiga yowe, akajishika kongosho, na safari hii alipapatia kabisa.

Mama hakumgeukia. "Kwa hiyo uliogopa nini?"

"Kifua kikuu."

"Kifua kikuu kilikuwa hakitembei. Kilikuwa kimelala kitandani na mtu. Uliogopa nini?"

Katika hadithi hii nimemcheka kila mtu kwa woga wake: karani, binamu, Shangazi na mkojo wake. Mimi nilimsikia muuguzi kwa masikio yangu, nikaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, na nikaogopa kuliko wote, ila nilikuwa mjanja zaidi.

"Nilikuogopa wewe, mama."

Mama akaegemea kiti na kukunja mikono.

"Rudia," alisema. "Baba yako alikuwa anakohoa, hakusikia."

Nikarudia.